Kivuli Juu ya Moyo wa Rehema

Chumba cha mama mkwe wangu, Bi Tatu, tulikifungua siku mbili baada ya arobaini yake, mie na binti yangu Rehema. Mawifi walishabeba kanga na vyombo vya maana tangu siku ya tatu, kaburi hata halijakauka, kwa hiyo sie tulibakiziwa kitanda, sanduku tupu na godoro la sufi ambalo hakuna aliyelitaka. Tulipolinyanyua lile godoro tukakuta mikeka miwili, na katikati ya mikeka bahasha kubwa ya kaki, imelazwa vizuri isikunjike. Niliijua kabla sijaishika. Rehema akachomoa picha tatu za eksirei, akaenda dirishani akaziinua moja moja kwenye mwanga, na mie nikakaa kitandani. Kifua kile kilichokuwa dirishani, mbavu nyembamba kama njiti, kilikuwa chake mwenyewe alipokuwa mtoto wa kunyonya. Sasa ana watoto wawili na mwili kunishinda.

Mwaka ule ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nasi tulikuwa tunakaa humuhumu Temeke, kwenye nyumba hii ya Bi Tatu. Mie na mume wangu Hamisi tulipewa chumba cha mbele kushoto, Bi Tatu mwenyewe alikuwa cha kulia, na vyumba vya nyuma walikaa wapangaji. Cherehani yangu niliiweka ukumbini, karibu na mlango, ili nipate mwanga na nione wateja. Serikali ilikuwa imeruhusu tena watu kufungua hospitali zao binafsi, na kule barabarani ikaota moja, imepakwa rangi nyeupe, ina feni, ina benchi zenye mito, na ina mashine ya eksirei ambayo watu walikuwa wakiisimulia utadhani wameinunua wao. Kiwandani kwa Hamisi walikuwa wanapunguza watu. Kila Ijumaa karatasi ya majina ilibandikwa getini, na kila Ijumaa tulikula kimya mpaka aseme kwamba hayumo. Ndani ya hali hiyo Rehema, mwenye miezi sita, akashikwa na kikohozi, na Hamisi akasema kwa kuwa jina lake bado halijabandikwa, mtoto aende kwenye ile nyeupe.

Daktari alikuwa kijana, msafi, mwenye sauti ya upole, na sina ubaya naye mpaka leo. Aliibandika picha kwenye kisanduku cha taa akanionyesha moyo, akanionyesha mapafu, kisha akaweka kalamu yake pale juu ya moyo, upande wa kulia. Palikuwa na kivuli cheupe cha pembe tatu, kona yake imechongoka vilevile kama kile kipande tunachokishonea kwapani ili blauzi isibane. Akasema mapafu ni salama, kikohozi kitapona kwa dawa ya maji, lakini hicho kivuli hakikupaswa kuwepo. Akakiita uvimbe. Tutapiga picha nyingine baada ya wiki tatu, akasema, na kama bado kipo, yupo mpasuaji anayemfahamu. Nilimuuliza watapasua wapi. Akapitisha kidole katikati ya kifua cha mwanangu, toka juu mpaka chini, na Rehema akakidaka kile kidole akacheka.

Bi Tatu aliposikia kupasuliwa alikaa chini pale ukumbini na kanga yake kichwani kama yuko msibani. Kesho yake alfajiri alikwenda kwa maalimu wake, akarudi mchana na chupa ya kombe. Kwa asiyejua, kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, na yale maji ndiyo mgonjwa anakunywa. Masharti yalikuwa vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni, siku saba. Alinikabidhi kwa mikono miwili, nami nikapokea kwa mikono miwili. Lakini nesi wa kliniki alikuwa ametuambia mtoto asinyweshwe maji yasiyochemshwa, na mie mwaka ule nilikuwa na kiburi cha kidato cha pili, nilidhani nimeshaiona dunia. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni nilipimia vijiko vitatu, nikaingia navyo bafuni, nikavimwaga kwenye tundu la maji machafu. Maneno ya Mungu, pale tunapokogea. Na bado nilimwaga siku zote saba.

Wiki iliyofuata Rehema akashikwa na surua. Jamani, sijawahi kuogopa vile. Mwili uliwaka, macho yalijaa tongo, mdomo ukatoka vidonda akashindwa kunyonya, na yale mashavu yakaondoka siku hadi siku mbele ya macho yangu. Bi Tatu aliacha biashara yake ya vitumbua kwa sababu alikataza kukaanga chochote mle ndani, akasema harufu ya mafuta inaichochea surua. Tulikula mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Usiku na mchana mie moyoni nilikuwa na neno moja tu, kwamba hii ni adhabu ya lile tundu la bafuni. Nilitaka kumwambia Hamisi, nikaogopa. Nilitaka kumwambia Bi Tatu, nikaogopa zaidi, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na mwana alikuwa wake. Nilimwambia Mungu peke yake, nikamwomba mtoto asilipe deni la mama yake.

Alipona, lakini alibaki ngozi na mifupa. Wiki tatu zilipotimia tukampeleka kupiga picha ya pili, na daktari akaitazama, akaitoa, akaisafisha kwa leso, akairudisha kwenye taa. Kivuli hakipo. Moyo ulikaa peke yake katikati ya kifua, mwembamba, juu yake hamna kitu. Alisema hajui, pengine kilikuwa ni uchafu wa kikohozi, twende nyumbani tumshukuru Mungu. Nyumbani Bi Tatu alipiga vigelegele mpaka wapangaji wakatoka. Alisomesha hitma, akagawa vitumbua mtaa mzima bila kuchukua hata senti, na kila aliyepita mlangoni alielezwa habari ya kombe. Mie nilikuwa nazungusha sahani za wageni, natabasamu. Katika watu wote waliokuwa wanakula mle ndani, mie peke yangu nilijua kwamba kombe halikuingia kinywani mwa mtoto.

Na hapo ndipo mashaka yangu yalipoanzia, maana kama si kombe, basi ni nini? Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kujua siri ni raha. Waongo. Nilikuwa nashona huku nawaza, naunga mkono wa kushoto kulia, nafumua, nashona tena. Uvimbe wa kupasuliwa hauyeyuki hivihivi. Nikajiambia pengine daktari alikosea picha, pengine ile ya kwanza ilikuwa ya mtoto mwingine. Miezi miwili na nusu ikapita hivyo, Rehema akajaa tena, akawa tipwatipwa, akaanza kusimama kwa kushika meza ya cherehani. Kisha akakohoa siku mbili. Kikohozi cha kawaida cha watoto, lakini Hamisi hakutaka kubahatisha, akatubeba mpaka kule kweupe.

Kivuli kilikuwa kimerudi, na kilikuwa kikubwa kuliko mwanzo. Safari hii daktari hakukaa. Alisema kitu kinachotoweka na kurudi na nguvu hivyo hakichezewi, amezungumza na yule mpasuaji, nafasi ipo Jumatano ijayo, na baba wa mtoto atie saini. Akampa Hamisi fomu. Ilikuwa Alhamisi. Tulirudi kwa miguu, Hamisi amembeba mtoto, fomu ameikunja mfukoni mwa shati, na kila alipoinama ilichungulia. Bi Tatu aliposikia alisema litafutwe kombe lingine, lenye nguvu zaidi. Hamisi, ambaye sikuwahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti, alisema kombe lilishapewa nafasi yake.

Sasa nimtaje Mchopa. Alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, karibu na choo, mtu wa Lindi, anafanya kazi machinjioni. Wapangaji walimkwepa kwa sababu ya harufu, na watoto walimwogopa kwa sababu ya visu alivyokuwa akivinoa uani kila jioni. Mie nilikuwa namshonea makoti yake ya kazi, kwa hiyo tulikuwa tunasalimiana vizuri. Ijumaa ile alileta koti lililochanika, akaniona machozi yananidondoka juu ya kitambaa. Akauliza kuna nini, mama Rehema. Nikamweleza yote, kasoro habari ya bafuni, na alipotaka kujua hicho kitu kimekaa wapi, nikachukua chaki yangu nikamchorea juu ya meza: moyo huu, mfupa wa kifua huu, kivuli hiki.

Mchopa aliinama juu ya mchoro. "Mbona hiyo ndama wote wanayo," akasema.

Akanieleza kwa ile sauti yake ya kukwaruza, bila kuinua macho. Ukimpasua ndama kifuani, chini ya mfupa, juu ya moyo, unakuta nyama laini nyeupe ya mabongemabonge, si mafuta na si nyama ya kawaida. Ng'ombe mzee humkuti nayo, au unakuta mafuta tu. Haina jina la maana, wachinjaji wanagawana wanaichoma. Nikamuuliza kama kuna ndama asiye nayo. Akasema yupo, ndama aliyeugua, au aliyetembezwa kutoka bara bila malisho mpaka akakonda. Huyo ukimfungua unakuta kauzi tu. Amefungua wengi, hajaona ndama mgonjwa mwenye ile nyama imejaa. Kesho yake saa nne asubuhi alinijia na furushi la gazeti, akalifungua juu ya meza ya cherehani, juu ya magazeti mengine ili asinichafulie vitambaa. Upande mmoja lilikaa bonge la rangi ya maziwa, pana kama kiganja changu. Upande wa pili kilikaa kitu chembamba, kimesinyaa, ungesema ni kipande cha utumbo. Wa kwanza alikuwa ndama mnene, akasema, wa pili alikuja anaharisha. Umri wao mmoja.

Niliziangalia zile nyama mbili nikaiona surua. Mtoto mzima, kivuli kipo. Mtoto anaumwa, kivuli hakipo. Mtoto kanenepa, kivuli kimerudi. Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba nilijishika mdomo. Lakini ili Hamisi alione, ilibidi akubali kwanza kwamba kombe halikufanya kitu, na hapo hapakuwa na njia isipokuwa moja. Nilishinda Jumamosi yote naikwepa. Nilifua nguo safi.

Jumapili baada ya alasiri tulikaa mkekani, wali na mchuzi wa samaki, Bi Tatu upande wa mlango, Rehema mapajani mwangu. Hamisi alinawa mikono kabla ya kila mtu, akatoa ile fomu, akaomba kalamu. Nikamwambia asubiri. Nikaeleza habari ya ndama, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema mama Rehema, mtoto si ng'ombe, na kile kitu kiliondoka kwa kombe, kombe likaisha nguvu, kimerudi, basi. Akaiweka fomu juu ya goti.

"Hakunywa kombe," nikasema. "Nilikuwa namwaga. Bafuni. Siku zote saba."

Nilitegemea kofi, au kufukuzwa, au vilio. Bi Tatu alikuwa ameshika tonge, akalirudisha sahanini. Hamisi aligeuka akamuuliza mama yake kama alilijua hilo, na yule mama akanitazama mie, si mwanawe, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Niliuona uso wa mtu aliyeaibishwa mbele ya mtoto wake ndani ya nyumba yake mwenyewe, na aliyemwaibisha ni mie.

"Mama yake kasema kamwaga, basi kamwaga," akasema. "Sasa wewe unasaini nini? Kama kitu kimeondoka chenyewe bila dawa yangu wala kisu chao, unampeleka mjukuu wangu akafanywe nini?"

Hamisi hakutia saini. Jumatatu aliomba ruhusa kazini, wiki ambayo kuomba ruhusa ilikuwa ni kujitafutia karatasi ya getini, tukavuka mji mpaka hospitali ya serikali ambako alikuwepo daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Tulikaa foleni toka saa moja mpaka saa saba. Alizipanga picha zote tatu kwenye kioo cha dirisha, akauliza tarehe, akauliza mtoto aliugua nini katikati, nikamwambia surua. Akatuonyesha njia ya hewa, jinsi ilivyonyooka, akasema uvimbe mbaya ungeisukuma pembeni, na hiki hakijasukuma kitu. Akasema hii ni tezi, inaitwa thaimasi, kila mtoto anazaliwa nayo, na huyu wenu anayo nzuri.

Nilimwomba anieleze inafanya nini, kwa sababu nilikuwa nusura niitoe. Hakuniharakisha. Akasema ndani ya damu mna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili, na huzaliwa ndani ya mifupa zikiwa mbichi, hazijui adui wala mwenyeji. Baadhi zinakwenda kwenye tezi hiyo, zinazaana humo kwa wingi, halafu zinachambuliwa. Isiyofaa kumtambua adui inaachwa ife. Inayotaka kuushambulia mwili wenyewe inauawa hukohuko kabla haijatoka. Zinazotoka ni chache mno kuliko zilizozaliana humo, na kwa njia hiyo tezi inashika kipimo: askari wasipungue mtoto akabaki bila ulinzi, wala wasizagae ovyo wakamla mwenyewe. Mie nikaona ungo wangu, mchele unavyopetwa, makapi na chenga vikienda na upepo. Mwili ukipata dhiki kubwa kama surua, akaendelea, chembe zile mbichi zinakufa kwa wingi na tezi inanywea. Mtoto akipona, inajaa upya, na mara nyingine inapitiliza ilivyokuwa mwanzo. Ukubwani inapungua yenyewe, uzeeni inageuka mafuta. Akauliza nani alituambia tusisaini. Hamisi akajibu, mchinja ng'ombe. Yule mama hakucheka, alisema nimpe salamu zake.

Jumatano ile ya kupasuliwa nilishinda nimemfunga Rehema mgongoni, sikumshusha hata nilipokuwa nashona. Jina la Hamisi lilibandikwa getini mwezi uliofuata, tukayaweza. Bi Tatu hakunifukuza na hakunisengenya. Nilipomwangukia kumwomba radhi kwa habari ya kombe, alisema yamepita, nenda kaangalie jiko. Lakini hakugawa tena habari za maalimu wake, na watu walipomuuliza mtoto alipona na nini alisema kapona tu. Miaka thelathini na ushee nilimhurumia kwa hilo, na nitasema kweli, ndani ya huruma yangu mlikuwa na ushindi kidogo. Nilijiona kwamba mie ndiye niliyetoa kitu siku ile, nimeitoa siri yangu, na yeye alishindwa.

Haya yote nilikuwa namsimulia Rehema pale dirishani, na alikuwa ananisikiliza na picha ya tatu mkononi, ile yenye kivuli kikubwa. Nilipofika kwenye bafu akaniangalia vibaya.

"Mama, mie nilikunywa," akasema.

Bi Tatu alimwambia mwenyewe, katika zile wiki za mwisho Rehema alipokuwa anamwogesha, na alimkataza asiniambie mpaka arobaini ipite. Maalimu alitoa chupa mbili, na moja bibi aliibakiza kwake. Bi Tatu aliona michirizi ya zafarani kwenye saruji ya bafu tangu siku ya kwanza, akanyamaza, na kila alfajiri nilipokwenda kuchota maji bombani alikuwa anaingia chumbani kwetu na kijiko chake. Vijiko vitatu, na jioni vitatu nilipokuwa jikoni. Mtoto alimaliza chupa.

Nikamuuliza Rehema, kwa hasira kabisa, kwa nini basi bibi yake hakusema siku ile, mbele ya Hamisi, akakubali aaibike bure. Rehema akasema na yeye aliuliza hivyohivyo, na bibi yake akamjibu: "Ningesema umekunywa, baba yako angejua dawa imeshindwa. Angetia saini."

Mawazo yangu yalirudi kwenye ule mkeka wa Jumapili, kwenye lile tonge lililorudishwa sahanini. Mama yake kasema kamwaga, basi kamwaga. Hakusema uongo hata neno moja. Alikuwa na jibu la kunifunga mdomo milele, na alilimeza mbele ya mwanawe ili mjukuu asiguswe na kisu, kisha akaniacha nimwangukie, nimwombe radhi, niondoke nimejiona mjanja. Nililia pale kitandani kwa kelele, mie ambaye mazikoni nilikuwa nawanyamazisha wenzangu.

Rehema alizirudisha picha kwenye bahasha, akaniuliza tunazitupa au anazichukua kwake. Nikamwambia azilaze palepale katikati ya mikeka, na lile godoro la sufi asimpe mtu, nitalilalia mie.